Nani Alimtua?

Mwaka wa 2015 mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Karungu katika Kaunti ya Migori, aliketi sakafuni ndani ya chumba chenye giza mjini Venice, nchini Italia, akimtazama mwanamke aliyebeba kapu kichwani. Mwanamke huyo alikuwa picha tu, nuru iliyorushwa na projekta juu ya skrini tatu zilizopangwa bega kwa bega, na nyika aliyokuwa akiipita ilienea kutoka pembe hii ya chumba hadi ile. Mwanafunzi huyo siku hizi ni mwalimu wa shule ya sekondari katika kaunti hiyohiyo alikozaliwa, na katika makala haya ataitwa Mwalimu. Wakati ule alikuwa Ujerumani kwa ufadhili wa miezi mitatu. Alikuwa ameweka akiba ya nauli, akavuka milima ya Alpi kwa shauku ya kuiona kazi ya Mkenya mwenziwe.

Kazi yenyewe ni ya Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi, na jina lake ni The End of Carrying All. Ilikuwa miongoni mwa kazi zilizoteuliwa kwa maonyesho makuu ya Venice ya mwaka huo na Okwui Enwezor, Mnaijeria aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kukabidhiwa jukumu hilo. Video hiyo huchukua takriban dakika 10. Mwanamke, ambaye ni msanii mwenyewe, anatembea peke yake chini ya mbingu pana. Kapu lake linaanza likiwa jepesi. Kisha kila hatua linaongezewa kitu: gurudumu la baiskeli, takataka za mijini, majengo. Mgongo unapinda. Mwishowe haijulikani tena mzigo ni upi na mbebaji ni yupi, na ardhi inavimeza vyote viwili. Ukuta unakuwa mtupu kwa muda mfupi, halafu mwanamke yuleyule anatokea tena na kapu lake jepesi, kana kwamba hakuna lililompata.

Yafaa kutaja kinaya kimoja kabla ya kuendelea. Mwaka huohuo, katika mji uohuo, kulikuwa na banda lililobeba jina la Kenya, nalo lilisheheni kazi za wasanii ambao wengi wao walikuwa wa kutoka Uchina. Malalamiko yalivuma hadi serikali ya Kenya ikajitenga na banda hilo. Hivyo aliyetaka kuiona Kenya alilazimika kuliacha banda la Kenya na kwenda kuketi gizani mbele ya mwanamke mwenye kapu.

Mwalimu aliketi pale kwa mizunguko minne. Watu waliingia katikati ya safari ya yule mwanamke, wakasimama dakika mbili au tatu, wakatoka kabla hajafika popote. Ndivyo ilivyo kawaida ya video katika maonyesho ya makumbusho. Haina saa ya kuanza wala tiketi yenye namba ya kiti kama ilivyo sinema. Hurudi mwanzo yenyewe kutoka asubuhi mlango unapofunguliwa hadi jioni mlinzi anapozima taa. Bila shaka kila aliyeingia aliona jambo lake: mazingira yanavyoharibiwa, pupa ya mwanadamu, mateso ya Afrika. Mwalimu alimwona mama yake.

Mama yake alikuwa mchuuzi wa omena. Kwa miaka mingi aliamka kabla ya jogoo, akateremka hadi ufuko wa Sori mitumbwi inapowasili na taa zake, akanunua, akaanika, na siku ya soko akabeba. Aliviringa leso kuukuu akafanya kata, akaiweka utosini, akachuchumaa, na mchuuzi mwenziwe akamtwika karai. Shingo ilinyooka, macho yakatazama mbele, mkono mmoja ukawa juu na mwingine ukipunga hewa. Ada ya shule ya watoto watano ilipita juu ya utosi ule, gorogoro kwa gorogoro. Mwalimu alikuwa ameiona mandhari hiyo mara elfu, wala hakuwahi kuiona. Ilimlazimu kuvuka bahari na kuingia katika chumba cheusi ili agundue kwamba alichokuwa akikipita kila asubuhi akienda shuleni kilistahili kutazamwa na watu wakiwa wamenyamaza.

Hilo ni tunu moja ya picha hizi kubwa, na lazima likubaliwe kabla ya lawama yoyote kutolewa. Picha ndogo ya fremu humwacha mtazamaji akiwa mkubwa kuliko anachokitazama. Huinama, husoma kibandiko, hupita. Picha inayoujaza ukuta humgeuzia mtazamaji hesabu hiyo. Humfanya awe mdogo na mtulivu, na kwa dakika chache mwanamke anayebeba huwa ndiye kipimo cha mambo.

Aliporudi nyumbani Desemba ile, Mwalimu alimsimulia mama yake alichokiona. Alidhani angepata taabu kumweleza projekta ni nini. Taabu hiyo haikuwepo. Mama alicheka.

“Si ni gari la sinema, Mwalimu?” Alizoea kumwita mwanawe hivyo kwa utani tangu siku alipochaguliwa kusomea ualimu.

Mama aliolewa Karungu mwishoni mwa miaka ya 1970, akitokea kisiwa cha Mfangano, ambacho sasa kimo katika Kaunti ya Homa Bay. Alikuwa bado bibi arusi gari la sinema lilipofika sokoni Sori likitangaza sabuni. Vijana walifunga kitambaa cheupe kati ya miti miwili, jenereta ikanguruma, na jua lilipozama mwanga ukatoka tumboni mwa gari. Mama hakupata nafasi mbele. Yeye na wasichana wenzake walizunguka wakakaa nyuma ya kitambaa, na huko picha ilionekana vilevile, ila mkono wa kulia ulikuwa wa kushoto na maandishi yalisomeka kinyume. “Tulicheka walipocheka wao,” alisema, “lakini sisi tulikuwa tunawaona pia watazamaji, kupitia kitambaa. Wenyewe hawakujua.”

Magari hayo yalikuwa na babu zao. Kati ya mwaka wa 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika. Walitengeneza filamu 35, kisha lori lenye projekta na jenereta likazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka wa 1939, Uingereza iliunda kitengo maalumu cha filamu kwa makoloni yake. Kiongozi wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini hakuwa na uwezo wa kufuata picha zinazokatwa na kuungwa haraka. Kwa hiyo filamu ziwe nyepesi, za polepole, zisizo na hila. Wataalamu wa baadaye waliipinga sana nadharia hiyo. Laiti wangelikuwepo Sori wakamsikia bibi arusi aliyeketi nyuma ya kitambaa, akitazama filamu na watazamaji kwa pamoja, wasingehitaji kuandika kurasa nyingi.

Basi Mwalimu alimweleza mama yake yote: mwanamke, kapu, nyika, gurudumu la baiskeli, majengo, mgongo uliopinda, ardhi iliyomeza. Mama alisikiliza huku akichambua omena kwenye ungo. Mwishowe aliuliza kwa Dholuo swali ambalo kwa Kiswahili ni maneno mawili tu.

“Nani alimtua?”

Mwalimu hakuwa na jibu. Alirudia kwamba ardhi ilimmeza. Mama akatikisa kichwa. Hakuwa akiuliza kilichompata mwanamke yule. Alikuwa akiuliza ni mtu gani alitoka nyumbani kwake, akasimama mbele yake na kushika ukingo wa kapu. Mzigo uliotwikwa na mtu hutuliwa na mtu. Hata asiyesemezana nawe sokoni hukutwika, na mtoto yeyote unayemkuta njiani akiona karai linakuelemea anapaswa kukutua. Akipita bila kufanya hivyo, nyumbani kwao watapata habari kabla ya giza kuingia.

Kiswahili kimelijua jambo hili tangu zamani. Kina kitenzi kutwika na kina kitenzi kutua, na vyote viwili vikiwa vya mzigo wa kichwani humdai mtu wa pili. Mtu anaweza kujitwika, ndiyo, lakini aghalabu husemwa hivyo kwa masikitiko au kwa lawama: amejitwika mambo yasiyomhusu. Ndege hutua, jua hutua, moyo hutulia. Ni ukoo mmoja wa maneno, na kiini chake ni kufika na kupumzika. Mwalimu amelifundisha somo hilo la vitenzi kwa miaka kadhaa tangu siku ile, na kila mwaka humfikiria mwanamke wa Venice, ambaye hakutwikwa na yeyote na hakutuliwa na yeyote. Pengine msanii alikusudia hivyo hasa, kwamba ulimwengu wa leo umemnyima mbebaji jirani. Hilo halimzuii mtazamaji wa Karungu kuuliza jirani yuko wapi.

Tangu wakati huo picha kubwa zimezidi kuenea duniani. Huko Paris, mwaka wa 2018, kiwanda cha zamani cha kuyeyushia chuma kilifunguliwa kuwa ukumbi wa maonyesho unaoitwa Atelier des Lumières. Zaidi ya projekta 100 humwaga michoro ya wachoraji maarufu juu ya kuta na sakafu, na watu hutembea ndani ya rangi hizo hali mchoro halisi hata mmoja haumo. Ufundi wake ni wa kustaajabisha. Picha ikiongezwa upana mara mbili na urefu mara mbili, mwanga uleule hulazimika kufunika eneo mara nne, kwa hiyo mng’ao hushuka hadi robo. Ndiyo sababu projekta ya darasani haiwezi kazi hiyo. Huhitajika mashine zenye nguvu nyingi, na zikiwa kadhaa, kingo za picha zao hupandanishwa na kufifishwa kwa kompyuta hata mtazamaji asione zilipoungana. Kisha huhitajika giza. Hapo makumbusho yana bahati, kwa kuwa ngozi, manyoya na nguo za kale huharibiwa na mwanga, na wahifadhi wengi huzimulikia kwa lux 50 tu. Giza linalomlinda mfu wa ngozi ndilo linalomkuza aliye wa nuru.

Ila kuna tofauti kati ya kumulika kilichopo na kumulika ili kuziba pengo la kisichokuwepo. Mwaka wa 2021 Makumbusho ya Kitaifa jijini Nairobi yalikuwa na maonyesho yaitwayo Invisible Inventories, yaliyotokana na mradi ulioyakutanisha makumbusho hayo, makundi ya wasanii ya The Nest na SHIFT, na makumbusho mawili ya Ujerumani, ya Cologne na Frankfurt. Mradi huo ulikuwa umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya kutoka Kenya vinavyohifadhiwa na taasisi za ng’ambo. Miongoni mwa vilivyoonyeshwa Nairobi ni makabati ya kioo yasiyo na kitu ndani. Mwalimu aliyatazama makabati hayo kwa muda mrefu. Ingekuwa rahisi sana kuyajaza picha: kiti hiki, ngao ile, ikizunguka polepole kwenye skrini kama ndege asiye na mahali pa kutua. Wasanii waliuacha utupu uonekane. Ni vigumu kutowapa heko. Pengo likimulikwa vizuri mno, watu husahau kwamba ni pengo.

Kurudi ziwani: mwaka wa 2019 mama alitaka kwenda kwao kumwona dada yake mkubwa, na Mwalimu akamsindikiza. Kutoka Karungu walipita Homa Bay mjini, wakafika Mbita, wakapanda mashua ya injini hadi Mfangano. Mama alipokanyaga ukingo na kumwona dada yake, alianza kusema Olusuba. Kwa wasiojua, Abasuba ni watu wa asili ya Kibantu ambao kwa vizazi kadhaa wameishi na kuoana na Wajaluo hata wengi wao, hasa bara, wakaiacha lugha yao wakashika Dholuo. Olusuba imo katika orodha ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini. Watoto wa mama hawaijui. Mwalimu, mwenye shahada ya lugha, alisimama ufukoni akimsikiliza mama yake mzazi bila kumwelewa, na akatambua kwa aibu kwamba hakuwahi kumwomba amfundishe.

Kisiwani humo kuna makumbusho ya jamii, yanayoitwa Abasuba Community Peace Museum. Ni madogo. Humo hakuna chumba cheusi wala skrini ya ukutani; mna vyombo vya uvuvi, vyungu, vitu vya nyumbani, na mtu wa kusimulia. Mama na dada yake waliingia wakiwa wageni, wakatoka wakiwa wahadhiri. Kila chombo walikiitia jina, wakabishana kuhusu matumizi yake, wakatajiana bibi fulani aliyekuwa nacho na jinsi kilivyovunjika. Mwongozaji, kijana mwenye adabu, alinyamaza akaanza kuandika.

Baadaye wenye nguvu walipanda hadi Kwitone. Wazee wawili hawakupanda. Walibaki chini ya mti, wakisema mlima wanaujua. Kwitone ni pango la mwamba lenye michoro myekundu na myeupe: mviringo ndani ya mviringo, na miale kama ya jua. Inasemekana ilichorwa na Watwa, wawindaji walioishi huko kabla ya wengine, na katika simulizi za kisiwa mahali hapo pamehusishwa na mvua. Mwalimu alisimama mbele ya mwamba huo akihema. Hapa palikuwa na picha kubwa ukutani, kongwe kuliko lori la Vugiri na projekta za Paris, nayo haikuhitaji jenereta. Haikujirudia pia. Mwanga wa jua ulikuwa ukisogea juu ya mwamba, na aliyekuwa akienda na kurudi, mwaka baada ya mwaka, alikuwa mwanadamu mwenye haja ya mvua.

Thimlich Ohinga ni habari nyingine, na kwa mkazi wa Migori ndiyo habari kubwa zaidi. Iko takriban kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori: kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji, zinazozidi mita 4 kwenda juu mahali pengine, na unene wa wastani wa mita moja. Maboma makuu ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Yanakadiriwa kujengwa katika karne ya 16, na jamii mbalimbali, za Kibantu na za Kiniloti, ziliishi humo kwa kupokezana hadi karne ya 20. Mwaka wa 2018 UNESCO iliyaingiza katika Turathi za Dunia. Tangu hapo Mwalimu hupeleka wanafunzi wake kila mwaka fedha za basi zikipatikana.

Safari moja mwanafunzi mmoja mwerevu, shabiki wa kompyuta, alipendekeza kwamba kuta hizo zimulikwe usiku: filamu ya kuonyesha wajenzi wakipanga mawe, ng’ombe wakiingizwa zizini, maadui wakija, yote yakitembea juu ya mawe yaleyale ya Kochieng. Wenziwe walishangilia, na Mwalimu naye alivutiwa. Aliwauliza tu waende wakauguse ukuta. Mawe yale ni meusi na yamejaa nyufa; yangeinywa nuru kama mchanga unavyokunywa maji. Ili picha ionekane vyema ingebidi yafunikwe kitambaa cheupe, yaani ukuta ufichwe ili hadithi ya ukuta ionyeshwe. Kisha aliwaambia waingie kwa mlango. Mlango wa ohinga ni mfupi makusudi. Aingiaye huinama, na katika kuinama huko kichwa chake hutangulia ndani bila kinga. Kijana yule aliingia, akanyanyuka upande wa pili akishika kiuno, akasema, “Sasa nimeelewa, Mwalimu. Adui angekwisha.” Hakuna projekta ambayo ingemfundisha kiuno chake jambo lile. Hata hivyo Mwalimu hakulitupa wazo la kijana. Alimwambia alihifadhi kwa ajili ya Kisumu au Nairobi, ambako kuna watu wasioweza kufika Nyatike, na ambako ukuta ni ukuta tu.

Mwaka wa 2022, wakati wa likizo, Mwalimu alimwomba mama yake ampe nafasi ya kumrekodi kwa simu. Mama alikuwa amekwisha kuacha biashara. Magoti yalikuwa yamekataa. Alimuuliza mwanawe ikiwa anataka kumpeleka Ulaya akamezwe na ardhi. Lakini asubuhi moja aliteremka ufukoni kununua omena wa kitoweo, akafanya kata, akatwikwa karai, akarudi kwa njia ile ya siku zote, na Mwalimu akatembea mbele yake kinyumenyume huku ameinua simu. Video hiyo ina sekunde 41. Mama anakuja, anakuja, anasema jambo moja kwa Olusuba ambalo Mwalimu halielewi, anacheka, anaukaribia mlango wa nyumba. Hapo inakatika.

Mama alifariki mwaka uliofuata. Mazishi ya siku hizi Migori na Homa Bay yana mambo yake: hema, vipaza sauti, na vijana wa video wenye kamera na projekta. Usiku wa mkesha vijana hao walifunga kitambaa cheupe kati ya miembe miwili, na jenereta ikawekwa nyuma ya zizi. Walikuwa wameomba picha za marehemu, na Mwalimu akawapa alizokuwa nazo pamoja na ile video.

Nyimbo zilipotulia, mama alitokea kwenye kitambaa, mrefu kuliko paa la nyumba yake. Uwanja wote ulinyamaza, kimya kile cha Venice. Alikuja na karai lake, akasema neno lake, akacheka, akaukaribia mlango, kisha akawa tena mbali njiani, anaanza upya. Fundi alikuwa ameiweka ijirudie. Hakukusudia ubaya, ndivyo wafanyavyo. Mara ya kwanza watu walilia. Mara ya tatu wengine walianza kutabasamu, wakionyeshana alivyopunga mkono. Watoto walikuwa wamezunguka nyuma ya kitambaa, nao walimwona akija na karai lililoshikwa kwa mkono usio wake. Mara ya saba au ya nane, dada yake wa Mfangano, ambaye alikuwa amefika jioni ile na hakuwa amesema lolote, aliinuka kitini kwa msaada wa fimbo, akamwendea Mwalimu.

“Mwanangu, kizimeni hicho,” alisema. “Mwacheni afike.”

Mwalimu alimwendea fundi, naye fundi akakizima. Kitambaa kikabaki cheupe na wadudu wakikizunguka, mpaka mtu akaanzisha wimbo.

Kabla ya kulala alimwomba mama mkubwa amweleze maneno yale ya Olusuba. Mama mkubwa aliyasikiliza kwenye simu, skrini ikiwa ndogo kama kiganja, akaomba arudiwe mara moja tu. Alisema ni jambo dogo. Mama alikuwa akimwambia mwanawe aache kuchezacheza na simu, karai ni zito.

Na ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile. Hakuyafahamu maneno, lakini alimwona amefika mlangoni akipinda magoti. Video inakatika katika sekunde ya 41 kwa sababu Mwalimu aliitia simu mfukoni, akashika ukingo wa karai kwa mikono miwili, akamtua.